Elijah Mukhwana, Mtunza Bwawa la Al Khoudh

Ndugu wapendwa, mimi ni Beryl, dada mdogo wa marehemu, na nikikwama katikati mnivumilie, nitaendelea.

Elijah Wafula Mukhwana alizaliwa tarehe 14 Aprili 1964 huko Kimilili, Bungoma, akasoma hapo hapo nyumbani hadi 1981, kisha akajifunza ufugaji wa samaki, akafunga ndoa na Susan tarehe 7 Disemba 1991, wakajaliwa Ivan na Stacy, ambao sasa hivi wako Kimilili na mama yao wakimsubiri.

Mwaka 1996 alikuja hapa Maskati kutunza bustani ya Bwana Thabit, Al Khoudh, akachimba bwawa, akaweka ngege, na kwa miaka kumi na miwili alituchosha kwa habari za ngege hao, jamani, mpaka kanisani.

Januari hii ya 2008 ikaja baridi ambayo hata wenyeji hawajaizoea, na ngege hawawezi baridi. Bibi Masouda, mamake Bwana Thabit, mzaliwa wa Unguja, alimwagiza afungulie maji ya kisima, ambayo yana joto, kila siku saa kumi, naye, kwa kuwa nyumba ile yote huhesabu saa kwa Kiarabu, akawa anafungulia saa nne yetu ya asubuhi, jua likiwaka, kumbe Bibi peke yake bado anahesabu kwa Kiswahili, alitaka jioni, na jioni kisima kilikuwa kimeshakauka.

Tarehe 18 samaki walianza kuelea. Kaka yangu aliingia majini hadi kiunoni, akafunika bwawa kwa turubai na blanketi lake mwenyewe, siku nne nzima, nami nikasimama ukingoni na jaketi mkononi, nikimsihi, nikimgombeza, wapi, hakutoka. Tarehe 23 alilazwa kwa homa ya mapafu, Bibi akaja akilia kwamba yeye ndiye aliyemponza, mgonjwa ndiye akambembeleza Bibi, na tarehe 2 Februari akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani zangu wa Darsait waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na familia ya Bwana Thabit.

Na wewe, kaka, kila siku pale wodini uliniuliza wamebaki wangapi, nikakuambia arobaini, ukatabasamu, na hakuwa amebaki hata mmoja. Nisamehe, sikuwa na kingine cha kukupa. Pumzika kwa amani.