Gia ya Nne ya Mzee Sebastiani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Sebastiani Sulle wa Endagikot atakabidhi ufunguo wa lori la Ushirika wetu wa wakulima wa kitunguu saumu hapa Daudi, baada ya kushika usukani wake kwa miaka thelathini na mitatu. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuandikiwa kosa la barabarani, hakuwahi kumwaga mzigo, na hakuwahi kulipita gari lolote lililokuwa likitembea.

Hili la mwisho lina maelezo yake. Alipoajiriwa mwaka 1992 lori lilikuwa ndiyo limenunuliwa, kuukuu, lenye gia nne. Gia ya nne ilifika imeshakufa, tena katikati ya mavuno, na ikaamuliwa kwamba itatengenezwa vitunguu vikiisha. Vitunguu havikuisha. Kila msimu ulimalizikia kwenye msimu mwingine, viongozi walibadilika, na gia ya nne ikabaki kwenye ajenda za mkutano mkuu chini ya mengineyo, mahali ilipo hadi leo.

Mzee Sebastiani hakulalamika. Alibeba vitunguu, mbegu, mabati ya shule na wagonjwa wa kupeleka hospitali ya Haydom, vyote kwa gia ya tatu. Aliwahi kumbeba bibi harusi kutoka Dongobesh, na waalikwa walioamua kutembea kwa miguu walifika, wakala, wakaanza kuulizia kama harusi bado ipo. Vijana aliowafundisha udereva wametawanyika mkoa mzima, na kila walikoajiriwa ilibidi wafundishwe upya kwamba baada ya tatu kuna kitu kingine.

Watu wa bonde hili wanalijua lori kwa masikio. Gia ya kwanza inakohoa, ya pili inanguruma, ya tatu inaimba puani. Mama akisikia ya tatu juu ya kilima anajua ana muda wa kutosha kufunga gunia lake, kumsuka mtoto nywele na kutoka barabarani.

Mwendo huo ulikuwa na faida moja kubwa, nayo ni salamu. Huku kwetu mtu hapiti mbele ya mkubwa wake kama upepo. Akiwa ndani ya lori, Mzee Sebastiani aliinamisha kichwa dirishani, akatoa shikamoo, akapokea marahaba, akauliza habari za ng'ombe, za goti na za mtoto aliyeko Arusha, na yote yaliisha kabla lori halijampita mzee anayesalimiwa.

Hata hivyo, dereva ni dereva. Miaka mitatu iliyopita, akiwa Katesh kufuata magunia matupu kwa mfanyabiashara wetu Nurdin, alimwambia kwamba hataki kustaafu bila kujua gia ya nne inasemaje. Hakutaka mbio. Alitaka gari lake mwenyewe, halali, lenye kila karatasi na kila stika, aingize gia ya nne kwenye barabara ya kwao akiwa na mke wake, Mama Natalia, halafu apumzike. Nurdin ana ndugu wanaoagiza magari Japani. Akafungua simu, picha zikapita, na Mzee Sebastiani akawa na swali moja tu kwa kila gari: je, gia zake zote zinaingia? Wauzaji wengi walijibu kwa mzunguko. Mmoja alijibu kwamba zinaingia zote sita. Mzee akaona sita ni baraka, akafunga mazungumzo.

Gari lilikuwa jekundu, la milango miwili na viti viwili. Picha aliiona, lakini pembeni ya gari hakukuwa na mtu aliyesimama, wala mbuzi, wala chochote cha kulinganishia kimo. Ndiyo maana, siku liliposhushwa Katesh kutoka kwenye semi, yeye aliyekwenda kulipokea alikuwa anatazama juu, akitegemea gari refu. Lilikuwa gari la mashindano ya vijana, na paa lake lilimfikia kiunoni.

Kwa kuwa lilikuwa halijapata namba wala ukaguzi, Mzee Sebastiani alikataa liguse barabara hata kwa kusukumwa. Aliomba ruhusa ya ofisi, akalifuata kwa lori. Jirani yake Nurdin, mfugaji aitwaye Gidamis, alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama kuwasaidia kulipandisha kupitia kichuguu. Alilizunguka mara mbili, akaliinamia, kisha akauliza kwa huruma ya kweli:

“Huyu mbona amelala? Mnampakia kabla hajafa au ndiyo mnamzika?”

Mzee Sebastiani akamjibu kwamba mgonjwa atapona njiani.

Safari ya kutoka Katesh kupitia Basotu ilifanyika kwa gia ya tatu, gari la kasi likiwa juu ya lori lisilo na kasi, limefunikwa turubai. Haydom watu waliokuwa wanasubiri basi waliona umbo lile la duara chini ya turubai wakaamini ni mashine mpya ya kupimia wagonjwa. Walipiga makofi. Mama mmoja aliomba aingizwe humo kwanza kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeanza zamani. Mzee Sebastiani alisimamisha lori, akashuka, akamwomba radhi yeye mwenyewe, na kwa adabu ile ile akampisha akae kwenye kiti cha mbele hadi Dongobesh.

Nyumbani Endagikot, Mama Natalia alilitazama gari, mumewe akiwa amekaa ndani yake. Kisha akasema:

“Mimi nimeolewa na dereva wa lori. Miaka yote namwangalia akiwa juu. Leo naona utosi wake.”

Halafu akauliza kapu litakaa wapi. Swali hilo halikujibiwa siku hiyo.

Karatasi za bandarini zilikamilishwa na ndugu zake Nurdin, na namba zikaja kwa basi. Ukabaki ukaguzi. Mkaguzi alikuwa kijana mpole aliyehamia Mbulu kutoka mkoa mwingine, na alisema mambo mawili: vioo ni vyeusi mno, na eksozi inapiga kelele. Vioo Mama Natalia alivikwangua kwa wembe na maji ya sabuni, akiongea navyo. Eksozi ilikuwa kazi ya Joakimu, fundi wetu wa karakana. Hapa Daudi hapakuwa na eksozi ya gari la namna hiyo, hivyo Joakimu alichukua ya zamani iliyotolewa kwenye lori letu, akaikata, akaichomelea. Ilikubali. Gari jekundu la Japani likawashwa, na bonde zima likasikia lori la Ushirika likikohoa. Akina mama watatu walitoka na magunia. Mzee Sebastiani, ambaye hadi siku hiyo alikuwa analiangalia gari lile kama mgeni aliyekosea nyumba, alikaa kwenye usukani akatabasamu.

Lilibaki jaribio la barabarani, mkaguzi akiwa kiti cha pili. Kwa bahati mbaya ilikuwa siku ya mnada, na wazee wa Daudi na vitongoji vyake walikuwa wote njiani.

Hapo ndipo lilipoonekana tatizo ambalo hakuna kiwanda kingelifikiria. Ndani ya lori, mdogo aliweza kumwinamia mkubwa kutoka juu. Ndani ya gari lile, ili mkubwa amwone anayemsalimia, ni lazima yeye mkubwa ainame. Mzee wa miaka themanini anainama mpaka magotini kumtafuta mtoto wa miaka sitini aliyelala chini! Mzee Sebastiani hakuweza kulibeba hilo. Kwa kila mkubwa wake aliyemkuta alipunguza mwendo, akatoa ishara, akaegesha pembeni kisheria, akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akashika paa, akajivuta, akasimama wima, akavua kofia, ndipo akatoa shikamoo. Naye mkaguzi, akiwa mdogo kuliko wote, hakuweza kubaki amekaa. Akashuka upande wake.

“Mzee,” mkaguzi alimwomba waliporudi garini, “naomba uniingizie gia ya nne niisikie.”

“Hata mimi naitaka, mwanangu. Ngoja tumalizane na yule mama.”

Yule mama alikuwa Bibi Zita, mkubwa kuliko wote njiani, ambaye habari za goti lake pekee zinahitaji kivuli. Baada yake walitokea wengine wawili, kisha kundi zima lenye mbuzi. Hatimaye mkaguzi akachoka kuingia na kutoka, akaamua kutembea. Wale waliokuwa mnadani watakumbuka walichokiona: afisa amevaa sare anatembea mbele, anatoa shikamoo kulia na kushoto, na nyuma yake gari la mashindano linamfuata kwa adabu, likizidi kuachwa.

Tulikuwa ofisini, na tuliamini gari limeanguka mtihani. Mzee Sebastiani naye aliamini hivyo. Aliegesha, akazima, akabaki na mikono yote miwili juu ya usukani, kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo ya mwanawe. Mkaguzi akafuta jasho. Alisema kasi ya gari hilo hakuweza kuipima na hadhani kama kuna atakayeweza. Lakini breki zake, alisema, ameziona zikijaribiwa kuliko za gari lolote alilowahi kulikagua, na hazikukosea hata mara moja. Akalipitisha.

Gari likawa halali. Gia ya nne, hata hivyo, haikuingia. Tangu siku ile Mzee Sebastiani amekuwa akija kazini na gari lake jekundu, akitoka nyumbani alfajiri na kufika kwa gia ya pili. Barabara yetu haijawahi kukosa mkubwa wake. Alianza kusema kwamba labda haikupangwa. Alisema hivyo akicheka, na sisi tuliokaa naye miaka mingi tulikijua kicheko hicho. Ndicho alichokuwa akicheka kila ajenda zilipofika kwenye mengineyo.

Habari hizi zikamfikia Bibi Zita. Alikuja ofisini kwa miguu, akakataa kiti, akauliza:

“Kumbe hiyo gia yake ni sisi tumeikalia?”

Tukamsogezea kiti tena. Akaondoka, akapita nyumba kwa nyumba kutoka Daudi hadi Endagikot, na goti lake lile lile.

Kwa hiyo utaratibu wa sherehe yetu umebadilika kidogo, na tunaomba kila mmoja auzingatie. Wazee wote wa njia hiyo watakaa mstari wa mbele ukumbini. Mzee Sebastiani atawapitia mmoja mmoja akiwa amesimama wima, atatoa shikamoo zake zote, na kila mmoja ameahidi kusema habari za goti lake hapo hapo ziishe. Kisha atakabidhi ufunguo wa lori na kuondoka na Mama Natalia, aliyekubali kupakata kapu. Wazee watabaki wamekaa. Chakula hakitapakuliwa na muziki hautawashwa. Tutafungua madirisha.

Ataanza kwa kikohozi, tunakijua. Utafuata mngurumo, halafu ule wimbo wa puani uliotulea. Baada ya shule barabara imenyooka, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, haitakuwa na mtu wa kusalimiwa. Sauti itakayofuata hakuna aliyewahi kuisikia hapa, kwa hiyo hatuwezi kuwaambia ikoje. Bibi Zita ndiye atakayetoa ishara ya kupakua.

Mzee Sebastiani, asante kwa kila gunia, kila mgonjwa na kila salamu. Ustaafu wako uwe mrefu na wenye afya, wewe na mama yetu. Ukifika ile sehemu iliyonyooka usitusubiri, usigeuke nyuma, wala usishuke. Umeshatusalimia. Ingiza.