Koti Liko Kazini

Baridi ya Siliana, huku Tunisia, haina adabu. Inakuingia mpaka mfukoni, hata kama mfuko wenyewe hauna kitu. Kwenye benchi la nje ya mkahawa wa Mongi walikuwa wameketi wale wale watatu. Nejib, karani wa idara ya ardhi, alipachikwa jina la Koti kwa sababu koti lake halikosi ofisini: limetundikwa kitini, linahudumia wananchi kwa niaba yake, huku mwenyewe anatetemeka hapa na kikombe mkononi. Fethi, aitwaye Waya, alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyaya za magari. Katikati yao Lamjed, Masta, mwenye shahada ya pili ya maji ya ardhini katika mji ambao mabomba hukohoa tu. Basi dogo la kiwanda lilikuwa njiani kumchukua, kama atakubali. Kasheshe ni kwamba akiingia kiwandani ataandikishwa bima, akiandikishwa bima si mkosa kazi tena, na asiyekosa kazi hutupwa nje ya foleni ya wasomi walioahidiwa ajira ya serikali. Kwenye foleni hiyo Lamjed aliingia na nywele kichwa kizima. Na Mzee Mokdad, baba yake Nesrine, mchumba wa Lamjed, alishatamka: binti yangu haolewi ila na mtu wa serikali.

— Usipande, Masta, alisema Koti. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Simba huyu kaenda pole mpaka kupe wamemmaliza, alisema Lamjed.

— Lakini tuseme kweli, alidakia Waya. Koti analipwa vizuri kuliko mimi. Mimi nasimama usiku kucha, na chooni naenda kwa ruhusa kama mtoto wa chekechea.

— Vizuri wapi, bwana? Mshahara wangu ukiona katikati ya mwezi unageuka njia. Kama si mafuta ya zeituni ya shemeji yangu ninayouza jioni, wanangu wangekula mihuri. Nyie wenzetu mnalipwa saa za ziada.

— Na wewe unalipwa saa za hapa benchi.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Koti bila haya. Mimi sikutaka mzunguko, nimeanzia kivulini.

Lamjed alihisi kichwa kinamgonga. Alikuwa anataka neno moja tu, panda au usipande, na hawa watu wanampa semina.

— Jamani, basi linakuja. Nani analipwa vizuri? Jibu fupi.

Koti akamsogelea, sauti chini, kama anayeuza siri ya nchi.

— Mshahara wa serikali si hela, ndugu yangu. Ni muhuri. Benki haiulizi unapata kiasi gani, inauliza nani anakulipa. Mimi nina mkopo wa nyumba, wa gari, na wa kondoo wa Idi. Benki inanipenda kuliko mama watoto.

— Ndiyo kamba yenyewe hiyo, alisema Waya. Serikali inakulipa ili ukope, benki inakukopesha ili usiandamane. Mshahara wa kampuni una jasho, na kitu cha jasho kinateleza. Wa serikali mkavu, unashikika.

— Mkavu mpaka unapeperuka, alisema Koti. Halafu sikiliza: serikali ikinipunja asubuhi, jioni nauza mafuta. Hiyo si sekta binafsi? Basi nchi hii haina sekta binafsi. Ni serikali ile ile, imevua koti.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Waya, na hakuna aliyemwelewa, yeye mwenyewe akiwemo.

Basi likasimama. Dereva alikuwa mgeni, bwana mnene mwenye kofia ya sufu. Akashusha kioo.

— Lamjed nani?

— Mimi. Ila bado nafikiria. Nangojea ya serikali.

— Kazi gani?

— Ya serikali, kaka.

— Nimesikia. Nauliza, wakikuita kesho, utakuwa unafanya nini?

Lamjed akafungua mdomo. Kazi hiyo alishaiandamania, akalala sakafuni mbele ya ofisi ya gavana kwa ajili yake, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Katika mabango yote yale hakuna hata moja lililosema ni kazi gani. Akamgeukia Koti.

— Mwambie basi. Wewe uko ndani. Huwa unafanya nini?

Koti alitazama ndani ya kikombe chake kitupu.

— Inategemea na siku, alisema.

Waya alianza kucheka, akaishia njiani. Dereva hakuwa na kejeli. Alikuwa anangoja jibu, na injini inanguruma.

Lamjed akasimama, akavuta zipu ya koti lake mpaka kidevuni.

— Na Mzee Mokdad? aliuliza Waya. Jioni atapita hapa kukuulizia. Tumwambie nini?

Lamjed alishaweka mguu mmoja ndani ya basi.

— Mwambieni nimekwenda kazini, alisema. Na koti nimelivaa.