Mama Natasha wa Chumba cha Kufulia na Upinde Wake

Ijumaa, tarehe 30 Juni 2017, Bi Peris Kemunto, ambaye wote tunamwita Mama Natasha, anastaafu baada ya kufua nguo za nyumba yetu ya wazee hapa Brooklyn Center, Minnesota, kwa miaka ishirini na mmoja. Wafanyakazi tunaozungumza Kiswahili tulitaka wasifu wake uandikwe, na Naftali wa stoo, yaani mwandishi huyu, akajitolea upesi kwa kuwa ana malalamiko ya siku nyingi.

Mama Natasha aliwasili kutoka Kisii Februari 1996, juma ambalo hata wenyeji wa Minnesota walilalamikia baridi. Alipangiwa chumba cha kufulia kwa miezi mitatu tu. Ilipokwisha akagoma kutoka, kwa hoja kwamba hakuna chumba kingine chenye joto la kibinadamu. Mwaka 2004 akawa msimamizi, na tangu hapo hakuna soksi ya mzee iliyopotea bila uchunguzi kamili na washukiwa kuhojiwa.

Kanisani aliimba kwaya hadi mwaka 2013, pale kiongozi wa kwaya, Bwana Maurice, alipomsihi kwa upole aipumzishe sauti na ajaribu ala. Maurice alikuwa akifikiria kayamba. Mama Natasha akaenda duka moja mjini Saint Louis Park, akarudi na fidla ya mtumba.

Mwalimu alipatikana jikoni kwetu. Mukandayisenga, mpishi kutoka Bukavu, amepiga fidla tangu usichana wake. Kila saa ya chakula cha mchana, wawili hao walijifungia kule chini katikati ya mashine za kukaushia nguo. Siku ya kwanza, sauti iliyopanda kupitia mabomba ya hewa ilimfanya muuguzi akimbie vyumba vyote kutafuta nani ameanguka.

Shida ilikuwa upinde. Fidla hutaka upinde uende sambamba na kile kidaraja kinachoinua nyuzi. Ukienda mshazari, hupiga mluzi. Wa Mama Natasha ulienda mshazari kwa miezi minane mfululizo. Mukandayisenga alikaripia hadi Kiswahili kikamwishia, akahamia Kifaransa: "Tout droit, mama! Nyoosha! Upinde yako iko natoroka!"

Siku moja ya Machi 2014 alimsimamisha upinde ukiwa umevutwa hadi mwisho.

"Mama, angalia nyuzi. Sasa mukono yako iko wapi?"

"Mkono gani?"

"Ile iko nashika upinde."

"Siuoni."

Mukandayisenga akainua mkono wake mwenyewe kando ya uso wa mwenzake. "Na ya mimi?"

"Kwani umeinua?"

Hapo hakuna aliyecheka. Juma hilohilo daktari wa macho alikuta glakoma, ile presha ya macho, imekwisha kula pembeni kote. Mama Natasha alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakingerudi, matone yangelinda kilichobaki. Ndipo ilipojulikana pia kwa nini alikuwa akijigonga kwenye matoroli mwaka mzima. Mwandishi huyu alikwisha kuandikiwa barua mbili za onyo kwa kuyaacha njiani. Barua zimo kwenye faili hadi leo, na hajaombwa radhi.

Mama Natasha akaacha kuendesha gari, akaanza kupanda basi. Fidla akaificha nyuma ya mablanketi, na kwa majuma matatu alizungumzia kuacha kazi pia. "Siwezi kunyoosha kitu nisichokiona," alisema, na kwa mara ya kwanza tulimwona akikunja shuka vibaya.

Mukandayisenga alishuka na aproni yake, akayafukua mablanketi. "Macho haipigake fidla," akasema. "Ni mukono. Leta mukono."

Hapo ndipo mateso ya stoo yalipoanza. Karatasi za chooni zilianza kutoka bila vile vibomba vya boksi vya katikati. Vilikuwa vikibandikwa kwa selotepu juu ya nyuzi ili upinde upite ndani, ukipinda, unakwama. Baadaye Mama Natasha alisimama kando ya rafu ya mashuka, vifundo vya vidole vikikwaruza ukingo wake kila alipovuta upinde. Mkono ukirudi nyuma, anakosa ukingo, anajua amepotea. Alichubuka, akafunga plasta, akaendelea. Baada ya mwaka alisogea hatua moja mbali na rafu, na mkono ukafuata njia ileile hewani.

Desemba 2015 aliomba kupiga wimbo mmoja kwenye chakula cha Krismasi cha wazee. Maurice, aliyekuja na kwaya yake, alinong'ona kwamba upinde upakwe sabuni ili uteleze kimya. Alisahau kwamba kilichopungua ni macho, si masikio.

"Maurice," Mama Natasha akamwambia, "sabuni ninayo chumba kizima. Ningetaka kunyamaza ningeshanyamaza."

Alipiga. Ubeti wa kwanza ulipiga mluzi mara mbili, na mzee mmoja wa meza ya mbele akazima mashine yake ya masikio. Ubeti wa pili ulinyooka. Kwenye ubeti wa tatu mzee akaiwasha tena, na katika nyumba yetu hakuna tuzo kubwa kuliko hiyo. Natasha, binti yake, ambaye hujibu kila neno la mama kwa Kiingereza, aliacha kurekodi video, akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. "Haki ya Mungu, Mama," akasema. Kitambaa kile mama yake alikifua mwenyewe.

Sasa anahamia Anoka kuishi na Natasha. Mukandayisenga amekwisha kutangaza kwamba mazoezi ni kila Jumamosi, na kwamba huko hakuna kustaafu.

Mama Natasha, asante kwa mashuka, kwa ukali, na kwa kutuonyesha mtu anayekataa kuketi. Mungu ayatunze macho yako na akuzidishie siku njema. Na kwa majirani wa Anoka: vumilieni ubeti wa kwanza.