Mahali pa Kuitikia: Maisha ya Baba Yetu, Felician Akonaay

Marehemu baba yetu, Felician Akonaay, alizaliwa Tlawi, wilaya ya Mbulu, tarehe 9 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mzee Akonaay Margwe na mama Ludovika. Ninayesoma ni mimi, Zita, kitinda mimba wake. Kaka zangu, Yoakimu na Didas, wamekataa kusoma kwa sababu wanaona haya kulia mbele ya watu. Mimi haya sina, nina woga tu. Mnivumilie.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Huko ndiko alikokabidhiwa ngoma ya kanisani, maana sauti yake ilikuwa mbovu na mwalimu hakumtaka kati ya waimbaji. Hilo alilisimulia mwenyewe, tena akicheka.

Tarehe 12 Septemba 1964 alifunga ndoa na mama yetu, Efrazia, hapa Endasak. Uchumba wenyewe ulikuwa wa mluzi. Alipita mbele ya nyumba yao wiki nzima akipiga mluzi wimbo mmoja, ule ule, mpaka bibi akauliza, "Huyu kijana hana wimbo mwingine?" Mama anasema siku za kwanza ulimchosha. Baadaye akajikuta anausubiri, na siku Baba alipochelewa hakuweza kula.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika shamba la ngano la serikali, upande wa Basotu. Alianza utingo wa trekta, akaishia dereva wa kombaini ya kuvunia. Jumapili alifundisha kwaya yetu, na wimbo wa mavuno tunaouimba kila mwaka aliutunga yeye. Kiongozi anauliza, "Nani amebaki shambani?" Ngoma inanyamaza. Watu wanaitikia, "Nipo, naja." Basi, ni hayo tu, yanarudiwa. Siku moja mama Philomena wa sauti ya kwanza alilalamika, "Baba Yoakimu, tumeuimba mpaka umeisha ladha." Baba akamjibu, "Ukiisha ladha mdomoni ndipo unaingia miguuni. Tena, tangu mwanzo."

Mwezi Agosti 1980 Mama alinichukua tumpelekee Baba chakula shambani. Nilikuwa na miaka mitano. Nilimfuata kwale, nikaingia kwenye ngano, na nilipogeuka sikuona njia. Ngano ilinifika machoni. Kombaini zilikuwa zinakata, vumbi limetanda, na watu walianza kuniita kila upande, huyu huku na yule kule, wote kwa pamoja. Niliogopa kelele zile kuliko mashine. Nikachutama, nikaziba masikio, na mtoto akichutama kwenye ngano dereva hamwoni.

Baba alizima mashine yake. Wenzake wakakimbia kupunga mashati ili zile nyingine zisimame, lakini moja ilikuwa mbali na iliendelea kuja. Yeye akachukua debe tupu la dizeli, akaanza kupiga wimbo wa mavuno na kuuliza kwa ile sauti yake mbovu, "Nani amebaki shambani?" Watu, kwa mazoea, wakaitikia. Akawakemea, "Nyamazeni. Hapo pa kuitikia mwachieni mtoto."

Mara ya kwanza nilisikia debe tu. Mara ya pili nikajua liko upande gani. Kisha nikawa najua litalia lini kabla halijalia, na miguu ikaanza kwenda yenyewe ikilifuata. Likinyamaza nasimama, likilia natembea. Hofu haikuisha, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukanyaga. Mwishowe debe liliponyamaza nikasema, "Nipo, naja." Baba alinibeba, akanipeleka kwa Mama, na siku hiyo hakuendesha tena. Baadaye aliniambia hakuogopa kombaini ile kama alivyoogopa kunyamaza kwangu kila alipouliza. Nikamjibu tu, "Ndiyo, Baba," kama mtoto anavyomjibu mzazi. Sikumwelewa.

Nimemwelewa mwaka huu. Tarehe 20 Januari 1992 alipata kiharusi, akapoteza usemi na upande wa kulia. Tulilia, tukamwita kwa majina yote, akatutazama tu. Ndipo Mama akamwimbia, "Nani amebaki shambani?" Mkono wa kushoto ukagonga ubao wa kitanda mara mbili. Nipo, naja. Tangu siku hiyo tulimwimbia asubuhi na jioni. Kila tulipofika hapo pa kuitikia nilisimama na ndoo mkononi, na alipogonga nikaweza kwenda kuchota maji.

Jumanne, tarehe 4 Agosti, asubuhi, Mama aliimba na mkono haukugonga. Akaimba tena. Jirani yetu, mama Helena, kwa huruma yake, akaitikia kwa niaba yake. Nilimkatiza, "Mama, nisamehe, lakini hapo ni pa Baba." Tukasubiri. Mama akarudia wimbo mpaka sauti ikakauka, nasi tukaendelea kusubiri. Sijawahi kusikia kitu cha kutisha kama hapo palipokuwa patupu.

Marehemu ameacha mjane, mama Efrazia, watoto watatu, Yoakimu, Didas na mimi Zita, wajukuu wanne, na dada yake, shangazi Odilia wa Masakta. Ameacha pia kwaya, na debe lile, ambalo Mama hataki litekewe maji.

Ndugu zangu, tukiteremsha jeneza, Kaka Yoakimu atapiga debe na kuuliza. Nawaomba tuvunje amri ya Baba. Msiniachie hapo patupu, siwezi kupasikiliza tena. Itikieni wote. Najua tutakuwa tunasema nini tukisema "naja" mbele ya kaburi, na naogopa. Lakini semeni, nami nitasema pamoja nanyi.

Baba ametoka shambani. Apumzike.