Shangazi Tamati na Kikaratasi Chake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhariri hadithi fupi, Shangazi Tamati anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina la kwenye kitambulisho analo, lakini hata wageni wa mapokezi humuulizia kwa hilo la utani.

Alianza kama msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, meza yake ikipakana na choo. Mwaka wa nne akakabidhiwa dawati la hadithi fupi, na hapo akatia nanga. Mara mbili aliitiwa cheo kwenye riwaya, mara mbili akakataa. Alisema riwaya ina mwisho mmoja tu wa kukukosesha usingizi. Kitabu cha hadithi kina kumi na miwili, na kila mmoja unamsikiliza jirani yake.

Ndiyo maana hakuanza kusoma mswada kwa mbele. Alichomoa ukurasa wa mwisho wa kila hadithi, akazitandaza kurasa hizo sakafuni katika chumba cha mikutano, akavua viatu na kutembea kutoka mlangoni hadi dirishani akisoma miisho mitupu. Vilio viwili vikifuatana, alivitenganisha. Mwisho wa hadithi ya kumalizia ulipaswa kumrudisha msomaji kwenye hadithi ya kwanza. Siku moja mkurugenzi aliingia na wageni, akamkuta amechuchumaa katikati ya mazishi manne. Wageni nao walivua viatu.

Silaha yake nyingine ni kikaratasi cheupe na gundi. Alikibandika juu ya aya ya mwisho, akamwambia mwandishi asome bila hiyo. Mwandishi asipoona pengo, aya ilikwenda na maji. Wengi walinuna, na sisi tulichungulia mlangoni tukicheka.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kicheko kilitukauka. Mkurugenzi alikuwa ameamua: kitabu kimoja zaidi kikikosa wasomaji, dawati la hadithi fupi linafungwa. Kitabu chenyewe kilikuwa cha muuguzi mmoja, cha kwanza maishani mwake. Shangazi akapanga miisho upya kwa siku tisa, na kwenye hadithi ya kumalizia akabandika kikaratasi ili amwonyeshe muuguzi. Simu ikalia, akainuka, akasahau. Mpangaji kurasa akapanga alichokiona, na prufu zikapita bila yeyote kushtuka, yeye mwenyewe akiwamo. Nakala zikatoka kiwandani bila aya ile, na mwenye hadithi hana habari.

Hakumsingizia mtu. Alituita wote, akasema kosa ni lake, akaandika barua ya kuacha kazi, akaitia mkobani pamoja na nakala ya kwanza, akaenda zake wodini. Alipoambiwa kuwa aya yake ya mwisho imeachwa, muuguzi alisoma kurasa za mwisho akiwa wima, glavu mfukoni. Kisha akarudi hadithi ya kwanza na kuanza upya. Alipokumbuka kuwa ana mgeni, aliuliza tu, "Kwani kwenye aya ile niliongeza nini?"

Alipokumbushwa, alicheka hadi wagonjwa wakaamka, akasema aya ile isirudi. Kitabu kimechapwa mara tano. Dawati halijafungwa mpaka leo, na limezaa vitabu arobaini na vitatu. Barua ile Shangazi aliichana vipande, na vikaratasi vyake vya mwaka ule vyote vilitoka humo. Tunajivunia, tena kwa sauti!

Sasa, hapa ofisini hakuna maandishi yanayotoka bila kupita kwake, na wasifu huu haukusamehewa. Nilimpelekea jana. Aya yangu ya mwisho ilikuwa ndefu: ilisema aliniokota nikiwa sijui hata kufunga barua, ilisema nitakavyokiangalia kiti chake Jumatatu, na ilikuwa na machozi ya kutosha. Wasifu umenirudia leo ukiwa na kikaratasi cheupe juu ya aya hiyo. Nimejaribu kukibandua kwa ukucha. Gundi ni ileile.

Shangazi, asante kwa yote. Tunakuombea afya, furaha na vitabu vingi vya kusoma kuanzia mbele, na chumba cha mikutano tutakiingia bila viatu.