Tofali la Babu na Tofali Jipya

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, upande unaopata kivuli asubuhi. Siku hiyo lilikuwa na shauri zito. Mvua ilikuwa imepasua ukuta wa chumba cha mama, naye akahamia sebuleni, kwenye kochi linalomkunja mgongo. Kaka yangu, fundi mwashi, alitakiwa kuanza ukuta mpya kesho yake, lakini alikuwa hajachagua tofali: lenye majivu ya jikoni, alivyochanganya marehemu babu, baba yake mama; au la saruji na mchanga mtupu, wanavyofyatua watu siku hizi. Majaribio yalifanyika uani, kisha waamuzi wakaja benchini kunywa kahawa: Breki, dereva wa lori mstaafu, mtu wa mwili mkubwa; Rula, fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake; na kinyozi mwenyewe, tunayemwita Injinia tangu alipoifungua redio ya mtu ikakataa kufungika.

— Kesi imekwisha, akasema Injinia. Matofali mapya yamevunjika yote. Ya babu, hata ufa. Hiyo ndiyo sayansi.

— Mapya yamevunjika kwa sababu aliyasimamia Breki, kaka akasema. Ya babu mlimpandisha Rula.

— Ulitaka mimi, na mwili huu, nimkanyage marehemu? Breki akauliza. Nina adabu zangu, bwana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Limevunjika tofali, si guu.

— Ndiyo ujue methali imefanya kazi. Guu limepona.

— Tena mapya mliyaanika juu ya bati. Ya babu mkayaweka barazani, mkayafunika shuka, mkayanyunyizia maji asubuhi na jioni.

— Mzee yule hakupenda jua, akasema Rula.

Hilo ni kweli. Babu alikihamisha kiti chake kukifuata kivuli kuizunguka nyumba, na jioni alikuwa ng'ambo ya pale alipoanzia.

— Yule dada aliyetuuzia saruji alisema tupige kura, kaka akaendelea. Lipi liende juani, lipi libaki kivulini.

Breki akaweka kikombe chini.

— Babu apigiwe kura? Anagombea nini?

— Mimi nasema ni majivu, akasema Injinia. Majivu yameshaungua mara moja. Hayaogopi kitu tena.

— Si majivu, ni malezi, akasema Rula. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yale mapya yametupwa batini kama hayana kwao, hayajaambiwa hata neno jema. Ya babu mimi nilikuwa nayaamkia. Shikamoo, kila nikipita.

— Yakaitika?

— Yamebeba mtu mzima! Unataka marahaba gani zaidi ya hiyo?

— Wote mmepotea njia, akasema Breki. Kitu kinamjua anayekipanda. Lori langu nikiliendesha mimi, linapanda mlima. Akilishika utingo, linazimika kwenye tambarare. Tofali la babu limemjua Rula ni mtu wa nyumbani. Kwa hiyo ukuta ule lazima uambiwe mapema ni wa nani, na usipigwe jua hata siku moja.

— Utajengwaje bila kupigwa jua?

— Tunaanza na paa, Injinia akadakia. Paa kwanza, ukuta unafuata chini yake, kivulini.

— Paa litakaa juu ya nini, Injinia?

— Juu ya heshima, akasema Rula, na Breki akaitikia kwa kichwa.

Kaka hakucheka.

— Mama atalala humo ndani, alisema. Ukuta ukimwangukia nitamwambia nini? Kwamba Rula aliuamkia?

Mama mwenyewe akatokea kwenye kona. Hakuwahi kuja benchini kabla ya siku hiyo. Tukasimama, tukamwamkia, Breki akampisha nafasi inayowatosha wawili. Injinia akamweleza matokeo tangu mwanzo, kwa sauti ya hakimu: yaliyovunjika, yasiyovunjika, bati, baraza, shuka, Breki na Rula. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

— Nimeelewa, baba. Sasa hayo ya mzee wangu, mkiyaanika batini, na akayapanda Breki, yanakuwaje?

Breki alitazama miguu yake. Mwishowe kaka akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeulizwa nyumbani nani alifanya nini, na lini.

— Hatujui, mama, nikasema. Hakuna aliyethubutu kumwanika babu.

Mama akainuka, akajikung'uta gauni.

— Haya. Mkishajua mtaniita. Mimi nakwenda kuligeuza kochi, leo nijaribu kulalia upande wa pili.