Mikono Juu

Tangu basi litoke Makutano, Lilian alijifanya kusinzia ili asipitwe na mazungumzo ya siti ya mbele. Mzee Masatu, mkulima wa pamba wa Guta, alikuwa akimsimulia jirani yake wa safari, mama Gaudensia, jinsi mkutano wa kijiji chao ulivyopitisha mpango wa barabara mpya. "Mwenyekiti alisema wanaokubali mikono juu. Nikaona mikono, nikanyoosha." "Si jambo jema, mzee?" "Jema. Ila inapita katikati ya shamba langu." Mama Gaudensia akashika mdomo. "Na hao wenzako, mashamba yao yameguswa?" "Hata moja! Lakini ningebaki peke yangu mkono chini, kama mchawi?" Hapo Lilian alimhurumia kidogo. Mzee akaendelea: "Nilikuwaga hivyo, mama, ila nimekoma. Nikifika nakwenda kukataa. Kuanzia leo sifuati mtu!"

Basi likasimama penye vichaka. "Kuchimba dawa, dakika tano!" konda akatangaza. Abiria wakainuka, na Mzee Masatu naye. "Umebanwa na haja, mzee?" mama Gaudensia akamuuliza. "Hapana, lakini si wanashuka wote?" Lilian angecheka, ila alikuwa keshafika mlangoni, na wala hakuwa amebanwa.